Tumbo Likichafuka, Akili Nayo Husumbuka



Waswahili husema mtu ana "tumbo joto" anapokuwa na wasiwasi mkubwa. Mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani ana tumbo joto. Mzazi ambaye mtoto wake hajarudi nyumbani usiku ana tumbo joto. Wengine wakiitwa kwenye usaili wa kazi hukimbilia chooni mara tatu kabla ya kuingia ndani. Waliotuachia msemo huu hawakuwa na darubini wala maabara, lakini waliona wazi kwamba hofu ya kichwani huonekana tumboni.

Siku hizi wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini, nao wamegundua kwamba habari haziendi upande mmoja tu. Ni kweli akili ikisumbuka, tumbo huchafuka. Lakini vilevile tumbo likichafuka, akili inaweza kusumbuka. Na kati ya tumbo na ubongo wapo viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao wana sehemu yao katika mazungumzo hayo. Hao ni bakteria wa utumbo.

Nimechagua somo hili mwezi huu kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tunaofanya kazi wodini huona wagonjwa waliochanganyikiwa wakiletwa wamechelewa, baada ya kuzungushwa huku na huko kwa siku nyingi, kumbe tatizo lilikuwa na maelezo na lilikuwa na dawa. Pili, chakula cha familia zetu kinabadilika upesi, na mabadiliko hayo hayaishii kwenye kiuno na kwenye sukari ya damu. Yanaweza kufika hata kwenye ubongo.

NJIA KATI YA TUMBO NA UBONGO

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya. Alipona, lakini kidonda hakikufunga kabisa. Kilibaki tundu lililoingia mpaka tumboni. Daktari wake, William Beaumont, alitumia tundu hilo kuchungulia jinsi tumbo linavyofanya kazi, na mwaka 1833 alichapisha kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Mojawapo ni hili: kijana huyo alipokasirika, tumbo lake lilibadilika na chakula hakikusagwa vizuri kama siku nyingine.

Leo tunajua sababu. Katika kuta za njia ya chakula, kuanzia kooni mpaka mwisho wa utumbo mpana, kuna chembe za neva zaidi ya milioni 100. Kutoka huko unapita mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, unaounganisha tumbo na ubongo kama waya wa simu. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya nyuzi za mshipa huo, takriban asilimia 80, hazipeleki amri kutoka kichwani kwenda tumboni. Zinapeleka taarifa kutoka tumboni kwenda kichwani. Tumbo linasema sana kuliko tulivyodhani.

Zaidi ya waya huo kuna damu. Vitu vingi vinavyotengenezwa utumboni na kunyonywa huingia katika damu, hupitia kwenye ini kwanza, kisha huzunguka mwili mzima, ubongo ukiwemo. Shika neno hilo "ini", maana tutalirudia.

WAPANGAJI WA UTUMBO MPANA

Tukisikia neno bakteria tunafikiria kipindupindu, kuhara damu na kifua kikuu. Kumbe wabaya ni wachache. Ndani ya utumbo wa mtu mmoja mzima wanaishi bakteria zaidi ya trilioni 30, na wengi wao ni wapangaji wema wanaolipa kodi yao. Husaga mabaki ya chakula ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyasaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huziba nafasi ili vijidudu vya magonjwa visipate pa kukaa.

Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi yaliyomo katika nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga za majani na matunda. Makapi hayo hupita kwenye utumbo mwembamba bila kusagwa na kuwafikia bakteria katika utumbo mpana. Wao huyachachusha, kama vile togwa inavyochachuka katika chungu, na kutoa asidi za namna mbalimbali. Mojawapo huitwa butireti. Asidi hii hulisha ngozi ya ndani ya utumbo, huifanya iwe imara, na husaidia kutuliza mwili usiwe katika hali ya mapambano wakati wote.

Mpangaji asipolishwa hufanyaje? Wengine hufa njaa, na nafasi zao huchukuliwa na wengine wasiofaa. Wengine huanza kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo. Hapo ndipo nyumba huanza kuharibika.

MGONJWA WA INI ANAPOCHANGANYIKIWA

Kama kuna mtu anayeshuku kwamba bakteria wa tumboni wanaweza kugusa akili ya mtu, na aje wodini kwetu amwone mgonjwa wa ini aliyefunga choo.

Nitawaeleza juu ya mzee mmoja mkulima, bila kumtaja jina wala kijiji. Alikuwa na homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi bila kujua, na ini lake lilikwisha kusinyaa. Nyumbani walianza kuona mambo ya ajabu. Alilala mchana na kukesha usiku. Alivaa shati nje-ndani. Alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyefariki. Siku nyingine alikojoa kwenye kona ya chumba akidhani yuko nje. Mtu huyu alikuwa mwenye heshima zake, mtunza hazina wa jumuiya yao, na watoto wake waliona aibu kubwa.

Familia ikakata shauri kwamba amerogwa. Mshukiwa akapatikana upesi: jirani yao, bibi mzee, ambaye waliwahi kugombana naye mpaka wa shamba. Vijana wawili walikwisha kuanza kumtishia bibi huyo. Ni bahati kwamba binti mmoja aliyekuwa amesoma kidogo mambo ya afya alisisitiza baba apelekwe hospitali kwanza.

Alipofika tulimwambia anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama mtu anayezuia gari. Viganja vyake vilianguka na kuinuka, vikaanguka na kuinuka, kama mbawa za ndege. Tulipouliza habari za choo, tuliambiwa hajapata choo kwa siku tano. Macho yalikuwa na unjano. Daktari hakuhitaji kuuliza mengi zaidi.

Maelezo yake ni haya. Bakteria wa utumbo mpana wanaposaga mabaki ya protini hutoa hewa kali iitwayo amonia. Kwa mtu mwenye ini zima hakuna taabu: damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini, nalo huigeuza amonia kuwa yurea, kisha yurea hutoka kwa mkojo. Lakini ini likiwa limeharibika, au damu ikilikwepa kwa kupitia mishipa ya pembeni, amonia na sumu nyingine hupita moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Mtu akifunga choo, bakteria hupata muda mrefu zaidi wa kutengeneza amonia hiyo. Akili huanza kufifia. Kwanza usingizi na usahaulifu, baadaye kuchanganyikiwa, na mwisho kupoteza fahamu kabisa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1893, huko Urusi, Pavlov na wenzake waliwafanyia mbwa upasuaji ili damu ya utumbo isipite kwenye ini. Mbwa hao walipolishwa nyama walianza kuyumbayumba na kubadilika tabia. Mwaka 1954 daktari wa London, Sheila Sherlock, na wenzake walieleza ugonjwa huo kwa binadamu na kuonyesha kwamba chanzo cha sumu ni utumboni.

Na dawa yake je? Tangu miaka ya 1960 hutumika laktulosi, dawa ya maji yenye utamu. Ni aina ya sukari ambayo sisi hatuwezi kuinyonya. Inashuka mpaka kwa bakteria wa utumbo mpana, nao wanaichachusha na kutoa asidi. Asidi hiyo huinasa amonia isiingie katika damu, na wakati huohuo choo hulainika na kutoka. Tunalenga mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Isizidi hapo, kwa maana kuharisha nako humkausha maji na kumrudisha kulekule.

Siku ya tatu mzee yule aliuliza ni nani anayekamua ng'ombe wake. Siku ya tano alimtambua kila mtu kwa jina. Ini lake halikupona, na aliambiwa ukweli huo, lakini akili yake ilirudi. Wale vijana walikwenda wenyewe kumwomba radhi bibi jirani. Nawaomba msomaji mtafakari jambo hili: kama asingeletwa hospitali, huenda kijiji kingechimba makaburi mawili, moja la mgonjwa na jingine la mtu asiye na hatia.

Niongeze neno kwa wanaomtunza mgonjwa wa namna hii. Zamani walikatazwa kula nyama, maharage na maziwa ili kupunguza amonia. Ushauri huo umeachwa, kwa kuwa uliwakondesha na kuwamaliza nguvu. Leo tunawashauri wale protini ya kutosha, hasa ya maharage, kunde, maziwa na mayai, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, na kula kitu kidogo kabla ya kulala ili usiku usiwe mrefu bila chakula. Kinachokatazwa kabisa ni pombe, vidonge vya usingizi na dawa za miti shamba zisizojulikana.

JE, NA HUZUNI ILIYOZIDI?

Ugonjwa wa mzee yule ni mfano ulio wazi kabisa. Lakini vipi magonjwa ya akili yaliyo ya kawaida zaidi, kama sonona? Kwa wasiolijua neno hili, sonona si huzuni ya siku mbili. Ni hali ya moyo kuwa mzito wiki baada ya wiki, mtu kukosa hamu ya kula, ya kufanya kazi na hata ya kuwasalimu watu, usingizi kupotea, na wengine kufikiri kujiua.

Hapa uchunguzi bado unaendelea, lakini yapo mambo ya kutilia maanani. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwakuza panya katika mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja. Panya hao walipobanwa kidogo, miili yao ilitoa homoni nyingi za wasiwasi kuliko panya wa kawaida. Walipopewa bakteria wema wakiwa bado wadogo, hali ilirekebishika. Walipocheleweshwa mpaka wakubwa, haikurekebishika vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walichunguza choo cha watu zaidi ya 1,000, wakaona kwamba wenye sonona walipungukiwa na aina fulani za bakteria.

Bila shaka panya si mtu. Na kuona vitu viwili pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine, kwa maana mtu mwenye sonona hali vizuri, na kutokula vizuri nako hubadili bakteria. Kwa hiyo jaribio lililofanyika Australia, na kutangazwa mwaka 2017, lina uzito wake. Profesa Felice Jacka na wenzake waliwachukua watu wazima 67 wenye sonona ambao chakula chao kilikuwa duni. Nusu walifundishwa na mtaalamu wa lishe kula nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga, matunda, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitamu na vya kukaanga. Nusu nyingine walipata mtu wa kukaa nao na kuzungumza nao tu. Baada ya wiki 12, kati ya waliomaliza, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka katika sonona, na asilimia 8 tu ya kundi la mazungumzo.

Hilo ni jaribio dogo, nami sitaki mtu alifanye kuwa kubwa kuliko lilivyo. Tena angalieni: wengi wa wagonjwa hao waliendelea na dawa zao au ushauri wa kitaalamu. Chakula kiliongezwa juu ya tiba. Hakikuchukua mahali pa tiba.

CHAKULA CHA WAZEE NA CHAKULA CHA MJINI

Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya upasuaji miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka miaka ya 1960. Aliona kwamba wanakijiji wa Uganda, waliokula matoke, viazi vitamu na maharage, walipata choo kingi, laini na cha haraka, na hawakuugua magonjwa mengi ya utumbo yaliyowajaa Waingereza. Aliporudi Uingereza alizunguka akihimiza watu wale makapi, na wengi walimcheka. Leo hakuna anayemcheka.

Ushahidi mwingine umetoka hapa kwetu Tanzania. Mwezi Aprili 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya mkoani Kilimanjaro kwa wanaume vijana 77 wenye afya. Waliokuwa wamezoea chakula cha asili cha kijijini walilishwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu cha mjini. Wale wa mjini walilishwa chakula cha asili: ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka nzima. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja.

Wiki mbili tu zilitosha. Damu ya wale waliohamia chakula cha mjini ilionyesha kwamba mwili umeingia katika hali ya mapambano, kama vile kidonda kinavyovimba na kuwa chekundu, isipokuwa uvimbe huu uko ndani na hauonekani. Waliohamia chakula cha asili na wale wa mbege walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Watafiti hao walipima damu; hawakuwa wakipima sonona. Lakini tunajua kutoka mahali pengine kwamba mwili ukikaa katika mapambano siku nyingi, ubongo huhisi. Wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za interferoni, ambazo huamsha mapambano hayo makusudi, walijulikana kwa kupata sonona katikati ya matibabu. Ndiyo maana wataalamu wanaiangalia sahani yetu wanapozungumzia akili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tunakimbia chakula kizuri kwa sababu ya kuona haya. Mgeni akija, tunaficha ugali wa mtama na kumtolea mkate mweupe na soda. Harusini mlenda hauonekani. Mtoto akibeba viazi vitamu shuleni wenzake humcheka, akibeba andazi na juisi ya pakiti wanamwonea wivu. Tumedharau cha kwetu, na wenye fedha huko ng'ambo wanalipa sana kukipata.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Kula dona badala ya sembe, au changanya unga na mtama, ulezi au uwele. Mwenye tumbo lisilozoea aanze kidogokidogo, kwani kubadilisha ghafla huleta gesi.

2. Weka maharage, kunde, choroko, mbaazi au njugu mawe katika chakula cha kila siku. Ziloweke usiku kucha na umwage maji yake. Gesi itapungua na kuni pia.

3. Kula mboga za majani za aina mbalimbali: mchicha, matembele, mnavu, majani ya maboga, mlenda. Kila aina hulisha bakteria wake. Tunda zima ni bora kuliko juisi.

4. Tumia vyakula vilivyochachushwa. Mtindi ni mzuri, lakini maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kwa sababu maziwa mabichi huleta homa ya brusela na magonjwa mengine. Togwa ni nzuri pia: pika uji, uache upoe mpaka uwe vuguvugu, tia kimea na togwa ya jana kidogo, funika vizuri mpaka kesho. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden waliona kwamba watoto wadogo waliopewa togwa walikuwa na vijidudu vichache vya magonjwa katika choo chao. Ila mtu asitumie maneno yangu kama kibali cha ulevi. Pombe huharibu ini na ubongo kwa pamoja.

5. Kausha nafaka na karanga vizuri, na zenye ukungu zitupwe. Usizisage kwa ajili ya pombe wala usimpe kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini yao.

6. Punguza soda, biskuti, soseji na vya kukaangwa kila siku. Viwe vya sikukuu.

7. Kunywa maji safi ya kutosha, na usijizuie haja. Wazee wengi hufunga choo kwa sababu choo kiko mbali au wanaogopa giza.

8. Usinunue vidonge vya antibiotiki bila cheti. Dawa hizi ni za thamani, lakini zikiingia tumboni hazichagui. Huua wabaya na wema pamoja. Mafua hayahitaji antibiotiki. Na ukiandikiwa na mganga wa hospitali, tumia kama ulivyoelekezwa.

9. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Maziwa hayo yana sukari za namna ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wema wanaoanza kuhamia tumboni mwake.

10. Watoto wapate chanjo zote za wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake imo kinga ya homa ya ini aina ya B. Watu wazima wasiojua hali yao wapime.

MASWALI NINAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, mgonjwa wa akili au wa kifafa anaweza kuacha vidonge akatumia mtindi na mboga? Hapana, hata kidogo. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, au ugonjwa kurudi kwa nguvu zaidi. Mpe chakula kizuri pamoja na dawa yake.

Na zile dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa kwenye mabasi na minadani? Utumbo si karai la kusuguliwa. Dawa za kuharisha hukausha mwili, na nyingine huumiza ini na figo. Makapi na maji husafisha utumbo bila gharama.

Tunaambiwa kuna vidonge vyenye bakteria wema. Je, tununue? Mtu mwenye afya havihitaji. Kwa bei ya kopo moja mnaweza kula mtindi na maharage siku nyingi.

Je, tumwombee mgonjwa aliyechanganyikiwa? Mwombeeni, lakini mwombeeni mkiwa njiani kumpeleka hospitali.

USINGOJE KESHO

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona haya: kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kulala mchana na kukesha usiku kwa mtu mwenye tumbo lililojaa maji au macho ya njano, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, homa pamoja na kupoteza fahamu, degedege, au maneno ya kutaka kujiua. Mwenye maneno hayo asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Na mkifika, semeni lini alipata choo mara ya mwisho, ametumia dawa gani, na kama anakunywa pombe. Msione haya kutaja dawa za kienyeji. Hatuulizi ili tuwagombeze. Tunauliza ili tujue pa kuanzia.

Akina mama na akina baba, jikoni kwenu kuna dawa nyingi kuliko mnavyodhani, na hospitali ipo kwa yale ambayo jiko haliwezi. Mtu wenu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msikimbilie kutafuta adui nyumba ya jirani. Ulizeni kwanza habari za tumbo lake na ini lake, na mleteni tumwone mapema.